"Wiki iliyopita ulikuwa mzima": haki za mfanyakazi mwenye ugonjwa wa kudumu

SWALI: Shikamoo wakili. Nina miaka 31, nina selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu kuzaliwa, na huu ni mwaka wangu wa tano nikiwa mhasibu katika kampuni binafsi. Kazini nimemwambia mtu mmoja tu kuhusu hali yangu. Mwaka huu nimeumwa mara nne, mara mbili nikalazwa. Jumla nimekosa kazi siku 19, na zote nina vyeti vya hospitali. Tumehamia ofisi mpya na meza yangu iko chini ya kiyoyozi, na baridi huniamshia maumivu. Nikiomba kuhama naambiwa kila mtu ana visingizio vyake. Juzi meneja utumishi aliniita akasema, "Wiki iliyopita ulikuwa mzima, unacheka na wenzako, leo unaumwa." Akanipa mambo mawili nichague: nilete faili langu lote la hospitali, au nisaini barua ya kujiuzulu ambayo wameshaiandika, nilipwe mshahara wa miezi miwili. Anataka jibu Ijumaa. Mimi si mlemavu, natembea na kufanya kazi kama wengine. Je, sheria ina chochote kwa mtu kama mimi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: usisaini barua hiyo. Usiisaini Ijumaa, usiisaini wiki ijayo, usiisaini hata kama mtu amekusimamia na kalamu mkononi. Ukibanwa, jibu moja linatosha: "Naomba muda nipate ushauri." Lirudie kwa maneno yaleyale hadi wachoke kuuliza.

Mwajiri anapomwachisha mtu kazi, sheria za nchi nyingi humtaka yeye athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu. Mfanyakazi akijiuzulu, mzigo huo unamhamia yeye. Sasa ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kwamba hukuondoka kwa hiari, kwamba ulisukumwa. Inawezekana, mahakama na mabaraza ya kazi yanalitambua jambo hilo, ila ni mlima ambao hukuwa na haja ya kuupanda. Niliwahi kumsimamia mama mmoja mwenye ugonjwa wa figo aliyesaini barua ya namna hiyo mchana uleule aliotoka kusafishwa damu. Aliniambia hakuisoma. Aliona tu mstari wa sahihi, akataka kwenda kulala. Barua ilisema ameamua kuacha kazi "kwa sababu binafsi" na anaishukuru kampuni kwa ushirikiano. Maneno hayo mawili, sababu binafsi, yalitugharimu zaidi ya mwaka mzima. Kilichotuokoa ni kadi yake ya kliniki iliyokuwa na saa aliyotoka kwenye mashine, pamoja na ujumbe wa simu kutoka kwa bosi wake: "Njoo usaini leo, kesho tunafunga hesabu."

Hukuniambia uko nchi gani, nami sitabahatisha. Nitakupa misingi inayofanana katika sheria za nchi nyingi, na pale ninapotaja kifungu au kesi nitasema ni ya wapi, ili wakili au chama cha wafanyakazi cha hapo ulipo kijue pa kuanzia.

Sasa hiyo sentensi yako, "Mimi si mlemavu." Nimeisikia kwa wagonjwa wengi mno, na wengi wameisema wakiwa na uchungu, kama mtu anayejitetea. Katika mazungumzo ya kawaida neno ulemavu huleta picha ya kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe. Katika sheria neno hilo ni mlango tu wa kuingilia kwenye ulinzi, na mlango huo ni mpana kuliko unavyodhani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008, hauna orodha ya magonjwa. Unazungumzia watu wenye hitilafu za muda mrefu, za mwili, akili au hisi, ambazo zikikutana na vikwazo vinavyowazunguka huwazuia kushiriki kwa usawa na wengine. Hebu soma sehemu hiyo ya vikwazo mara ya pili. Damu yako ni hitilafu. Kiyoyozi juu ya kichwa chako ni kikwazo. Mkataba unaviangalia vyote viwili kwa pamoja.

Na meneja aliyekwambia wiki iliyopita ulikuwa mzima anarudia hoja ambayo sheria ilishawahi kuikubali, kisha ikaikataa. Marekani ilitunga sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka 1990. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitoa hukumu kadhaa siku moja. Mojawapo ilihusu dada wawili mapacha waliokataliwa kazi ya urubani kwa sababu ya macho yaliyorekebishika kwa miwani. Nyingine ilihusu fundi mwenye shinikizo la damu aliyekuwa anatumia dawa. Mahakama ilisema mtu apimwe akiwa na miwani yake na dawa zake. Angalia ilivyowanasa wagonjwa: ukinywa dawa vizuri unaambiwa wewe si mgonjwa wa kulindwa, usipokunywa unaambiwa huwezi kazi. Ilichukua karibu miaka 10 kulirekebisha. Sheria ya marekebisho ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika 1 Januari 2009, iliweka mambo mawili yanayokugusa moja kwa moja. La kwanza, nafuu inayoletwa na dawa haihesabiwi mtu anapopimwa kama ana ulemavu. La pili, ugonjwa unaokuja na kuondoka, au uliotulia, unapimwa kwa hali yake unapokuwa umeamka. Kwa hiyo kile kicheko chako cha wiki iliyopita hakina uzito. Kinachopimwa ni ile siku ambayo mifupa inauma hadi huwezi kushika kikombe.

Uingereza nayo ina kipimo cha namna hiyo katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010: athari kubwa kwa shughuli za kila siku, iliyodumu au inayotarajiwa kudumu miezi 12. Athari iliyokoma ikiwa inaelekea kurudi, inahesabiwa kuwa bado ipo. Saratani, VVU na ugonjwa wa neva uitwao skilerosisi nyingi (multiple sclerosis), kwa upande wao, vinalindwa tangu siku daktari anapovigundua, hata kama mgonjwa bado hajahisi lolote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unafanana na wako hadi kwenye meza, unatoka Denmark. Mwanamke mmoja alikuwa na maumivu ya mgongo yasiyoisha. Alikosa kazi mara kadhaa, na mwajiri akamwachisha kwa notisi fupi akitumia sheria ya nchi hiyo iliyoruhusu hivyo mtu akishafikisha siku 120 za ugonjwa wenye malipo ndani ya miezi 12. Baadaye alipata kazi kwa mwajiri mwingine, wa saa 20 kwa wiki, akapewa meza inayopandishwa na kushushwa. Alifanya kazi yake vizuri. Shauri lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, mahakama ambayo mwaka 2006 ilikuwa imesema kwamba ugonjwa peke yake si ulemavu. Aprili 2013, baada ya Umoja wa Ulaya kuuridhia ule mkataba wa Umoja wa Mataifa, ilisema kwamba ugonjwa, uwe unatibika au hautibiki, ukimwekea mtu mipaka ya muda mrefu katika maisha yake ya kazi, unaingia ndani ya maana ya ulemavu. Kisha ikasema jambo ambalo ningependa meneja wako alisome mara tatu: mwajiri hawezi kuzitumia dhidi ya mfanyakazi siku za ugonjwa zilizotokana na yeye mwenyewe kukataa kufanya marekebisho aliyopaswa kuyafanya.

Yaani, ukiomba kuhamishwa kutoka chini ya kiyoyozi, ukakataliwa, baridi ikakuamshia maumivu na ukakosa kazi siku tatu, siku hizo ni za nani? Hilo ndilo swali la kesi yako, na ndiyo maana nitarudi kwenye meza hiyo.

Barani Afrika ulinzi umeandikwa kwa njia mbalimbali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 27, inakataza ubaguzi ikitaja hali ya afya kwa jina lake, kando na ulemavu, na inakataza hata ubaguzi wa mtu binafsi dhidi ya mwingine. Hapo mgonjwa hahitaji hata kubishania neno ulemavu. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja ulemavu na VVU/UKIMWI miongoni mwa misingi iliyokatazwa ya ubaguzi. Na Afrika Kusini ina hukumu ya Septemba 2000 ya Mahakama ya Katiba. Kijana aliyeomba kazi ya kuhudumia abiria katika South African Airways alifaulu usaili, akakataliwa baada ya kipimo cha damu kuonyesha ana VVU. Shirika lilileta hoja za usalama, za chanjo, na hata za kwamba abiria wangekimbilia mashirika mengine. Mahakama iliamuru aajiriwe. Ilisema wazi kwamba chuki na dhana za watu wengine haziwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu kazi. Kwa hiyo hata wenzako ofisini wakinung'unika kwamba unapendelewa, manung'uniko yao si utetezi.

Selimundu yenyewe ina historia yake katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya majimbo ya Marekani yalilazimisha Wamarekani weusi wapimwe selimundu. Vipimo vilivyoletwa kwa jina la afya vikazaa hofu na ubaguzi. Mwaka 1972 Bunge lao likapitisha sheria iliyozuia fedha za serikali kuu kwenda kwa majimbo yasiyofanya upimaji huo kuwa wa hiari, na mwaka 2008, katika sheria inayokataza ubaguzi wa taarifa za vinasaba kwenye ajira na bima ya afya, historia hiyo ikatajwa kuwa miongoni mwa sababu za kuitunga. Nakusimulia hili ujue kwamba unapokataa kukabidhi faili lako huna ukaidi. Watu wenye damu kama yako walishaona taarifa hizo zinavyoweza kutumika.

Turudi kwenye meza. Sheria nyingi za sasa hazimkatazi mwajiri kubagua tu, zinamtaka pia afanye marekebisho yanayofaa ili mtu aweze kufanya kazi yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unasema kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi wenyewe. Mpaka wake ni kwamba marekebisho yasiwe mzigo uliopitiliza kwa mwajiri, na mzigo hupimwa kwa gharama, ukubwa wa kampuni na athari kwa kazi. Mwajiri mdogo mwenye wafanyakazi wanne hadaiwi sawa na kampuni kubwa. Lakini kusogeza meza mita tano? Kukuruhusu uwe na chupa ya maji mezani na uende msalani bila kuhesabiwa dakika? Kukupa asubuhi moja ya kliniki kwa mwezi, au kukuachia ufanye hesabu ukiwa nyumbani siku ambayo unajisikia maumivu yanaanza? Sijawahi kuona mwajiri wa ukubwa wa kawaida akisimama mbele ya msuluhishi na kueleza, bila aibu, jinsi mambo hayo yangemfilisi.

Tatizo ni kwamba wewe umeomba kwa mdomo, na uliomba kuhama bila kusema kwa nini. Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapoteza haki ambayo tayari wanayo. Kwa kawaida mwajiri hawezi kulaumiwa kwa kutorekebisha jambo ambalo hakulijua wala hakuwa na namna ya kulijua. Wewe umemwambia mtu mmoja tu. Je, ni nani? Kama ni msimamizi wako wa kazi, ni jambo zito, andika tarehe na mahali ulipomwambia. Kama ni rafiki wa meza ya jirani, kisheria kampuni inaweza kudai bado haijui. Kwa hiyo kabla ya Ijumaa andika barua. Iwe fupi. Mimi ningeiandika hivi:

"YAH: OMBI LA MAREKEBISHO YA MAZINGIRA YA KAZI KWA SABABU ZA KIAFYA

Nina hali ya kiafya ya kudumu inayokuja kwa vipindi. Baridi ya moja kwa moja na upungufu wa maji mwilini huweza kuniletea maumivu makali yanayohitaji matibabu. Naomba (1) kuhamishiwa meza isiyo chini ya kiyoyozi, (2) kuruhusiwa kuwa na maji mezani wakati wote na mapumziko mafupi inapobidi, na (3) ruhusa ya kuhudhuria kliniki kwa tarehe nitakazozitoa mapema. Naambatisha barua ya daktari inayothibitisha mahitaji haya. Nina uwezo wa kutimiza majukumu yangu yote na niko tayari kukutana nanyi kujadili njia nyingine itakayofaa. Kuhusu pendekezo la kujiuzulu nililopewa katika kikao chetu, sina nia ya kuacha kazi."

Umeona kwamba neno selimundu halimo? Hiari ni yako kulitaja. Anachohitaji mwajiri kujua ni kwamba hali ipo, ni ya muda mrefu, inakuzuia nini na unahitaji nini. Mwombe daktari aandike hayo hayo, mistari sita hivi, kwa lugha ya kazi. "Mgonjwa wetu yuko chini ya uangalizi, anahudhuria kliniki," kama zinavyoandikwa barua nyingi, haikusaidii. Haisemi lolote kuhusu baridi wala maji. Mweleze daktari wako kazi yako ilivyo: unakaa wapi, saa ngapi, mwisho wa mwezi kunakuwaje. Madaktari wengi wako tayari kusaidia, ila hawajui ofisi yako. Na mstari wa mwisho wa barua usiuache. Ndio unaofanya isiwezekane baadaye kusema ulikubali kuondoka.

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, au wasaini kwamba wameipokea. Wakikataa kugonga, itume kwa barua pepe siku hiyohiyo, nakala ije kwenye anwani yako binafsi.

Faili la hospitali usilipeleke. Faili lako lina kila kitu tangu utotoni: uzazi, vipimo, mambo ya familia, huenda na hali ya ndugu zako. Hakuna kati ya hayo kinachohusiana na meza. Mwajiri ana haki ya kuthibitisha kwamba ulikuwa mgonjwa siku ulizokosa, na kwa hilo vyeti vyako vya siku 19 vinatosha. Ana haki pia, akiwa na shaka ya kweli kuhusu uwezo wako wa kufanya kazi, kuomba maelezo ya daktari yanayolenga kazi hiyo. Marekani sheria inasema maswali ya kiafya kwa aliyekwisha kuajiriwa lazima yahusiane na kazi na yawe na ulazima wa kibiashara, na majibu yatunzwe katika faili tofauti na faili la utumishi, kwa siri. Ulaya, kanuni ya ulinzi wa taarifa binafsi inayotumika tangu Mei 2018 inaziweka taarifa za afya katika kundi linalolindwa zaidi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa ya mwaka 2019, Tanzania ina yake ya mwaka 2022. Ukiulizwa tena, jibu kwa maandishi: "Niko tayari kutoa barua ya daktari kuhusu mahitaji yangu ya kazi. Tafadhali nielezeni kwa maandishi ni taarifa gani nyingine mnayohitaji na kwa sababu gani." Uzoefu wangu ni kwamba mara nyingi swali hilo halijibiwi, na ukimya huo nao ni ushahidi.

Sasa siku 19. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema kukosa kazi kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au kuumia si sababu halali ya kumwachisha mtu. Si nchi nyingi zilizouridhia, lakini wazo hilo limeingia katika sheria na hukumu za nchi ambazo hazijauridhia. Idadi ya siku ndiyo inayotofautiana sana. Tanzania, mwajiriwa anastahili siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kipindi cha miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Kwa hesabu hiyo hata hujakaribia. Kenya, kiwango cha chini cha sheria ni siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu katika miezi 12, ingawa mikataba mingi hutoa zaidi. Hapo siku 19 zimevuka. Lakini kuisha kwa siku za malipo si ruhusa ya kufukuza kimyakimya: kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya kinamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kwa kutoweza kazi kimwili amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na amsikilize kabla ya kuamua. Marekani hakuna likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa sheria ya nchi nzima kwa sekta binafsi, ila sheria ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 bila malipo kwa mwaka kwa wanaofikia masharti, na mwenye ugonjwa wa kudumu anaweza kuzichukua vipandevipande, hata saa chache chache. Kwa ugonjwa unaokuja na kuondoka, uwezekano huo wa vipandevipande una thamani kuliko urefu wa likizo.

Tafuta mkataba wako wa ajira na kanuni za utumishi za kampuni. Soma sehemu ya ugonjwa usiku huu. Mara nyingi kampuni imejifunga yenyewe kwa siku nyingi kuliko sheria, kisha meneja mpya hajui.

Sitakudanganya kwamba mwajiri hawezi kushinda kamwe. Anaweza. Akishafanya marekebisho, akakushirikisha, akatazama kama kuna nafasi nyingine unayoiweza, na bado ukawa huwezi majukumu yaliyo kiini cha kazi kwa muda usiojulikana, sheria nyingi zinamruhusu kusitisha ajira kwa utaratibu wa haki na kulipa stahili zako. Zipo pia kazi ambazo hali fulani za kiafya huzuiwa kwa sababu za usalama zinazopimika, kama udereva wa magari ya abiria. Na zipo nchi ambazo wafanyakazi wa kampuni ndogo hawafikiwi na baadhi ya sheria hizi. Ile ya Marekani ya mwaka 1990, kwa mfano, inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 na kuendelea. Ila kwako hakuna hata hatua moja kati ya hizo iliyofanyika. Wameruka kutoka cheti cha hospitali hadi barua ya kujiuzulu, na katikati ni patupu.

Huenda moyoni unataka kuondoka kweli. Nimewaona wagonjwa waliochoka kupigania kiti, na hilo nalo ni uamuzi wa heshima. Basi ondoka kwa makubaliano yaliyoandikwa na kusomwa na mtu wa upande wako. Uliza bima ya afya inakoma tarehe ngapi kabla ya kuuliza juu ya pesa. Kwa mwenye selimundu miezi miwili ya mshahara inaweza kumalizwa na kulazwa mara moja. Ukienda kwenye bima mpya, jua kwamba nchi hazifanani: Marekani tangu Januari 2014 bima za afya haziruhusiwi kumkataa mtu kwa ugonjwa aliokuwa nao kabla, na mkataba wa Umoja wa Mataifa nao unakataza ubaguzi kwenye bima ya afya, lakini kwingineko bado kuna muda wa kusubiri au magonjwa yaliyotengwa. Pata jibu la bima mpya kwa maandishi kabla ya kuiacha ya zamani.

Jambo la mwisho ni muda, na hapa nakuomba usilegee. Wakikufukuza, saa inaanza kuhesabu siku hiyohiyo. Tanzania mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Afrika Kusini pia ni siku 30 kwa kuachishwa kazi isivyo haki. Marekani malalamiko ya ubaguzi yana siku 180, au 300 katika majimbo mengi. Watu wenye kesi nzuri hupoteza kwa sababu walikuwa wamelazwa, au walikuwa wakingoja mwajiri "afikirie upya" kama alivyowaahidi. Kuna namna ya kuomba kuongezewa muda, na ugonjwa ulio na cheti ni sababu inayosikilizwa, ila usiitegemee.

Leo jioni, kabla hujasahau, chukua daftari uandike kikao cha juzi: tarehe, saa, nani alikuwepo, nani alisema nini, barua ya kujiuzulu ilikuwa na tarehe gani. Sentensi ile ya "wiki iliyopita ulikuwa mzima" iandike kama ilivyotamkwa, neno kwa neno. Piga picha meza yako na kiyoyozi kikiwa juu yake. Nakili vyeti vyote, nakala ziwe nyumbani. Nyaraka za siri za kampuni usizichukue wala kuzituma popote, usiwape sababu ambayo leo hawana. Kama kuna chama cha wafanyakazi, mwombe mwakilishi aingie nawe kikaoni Ijumaa. Kama hakuna, omba mwenzako mmoja unayemwamini, na kama watakataa asiingie, liandike hilo pia.

Barua ikishapokelewa, niandikie tarehe iliyo kwenye muhuri na jibu watakalokupa kuhusu meza. Wasipokujibu ndani ya siku 7, niandikie pia, tuanze kuandaa malalamiko ukiwa bado kazini.